Niletee Ngozi

Ofisi ya nyumba ya watoto iliniomba niandike kumbukumbu za kazi niwaachie nyinyi vijana. Nikasema sawa. Halafu msimu mzima ukapita nikilima, nikifukuza kuku wa majirani, nikifanya chochote ila kuandika. Leo nimekaa kwa sababu moja tu: nisipokaa, miguu yangu itanipeleka Silibwet.

Asubuhi nikichemsha chai, Wesley alipiga simu. Wesley ni mtoto wa marehemu Mzee Arap Sigei wa Silibwet, na yule ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya wadogo wetu ni wa boma lake. Wote hapa wananiita Kogo, yaani nyanya yao, lakini hata hakuuliza nimeamkaje.

“Kogo, ofisi yenu imenitumia meseji. Ati ndama yangu imekufa, ati wanasikitika sana.”

“Pole, Wesley. Hata mimi nimesikia jana kutoka kwa Kiptoo wa geti.”

“Pole iko kwa simu, nimeisoma. Ngozi iko wapi?”

“Kuna mtu anakuja nayo.”

“Nani?”

“Wewe weka chai tu.”

Nani, mimi mwenyewe sikujua. Nikampigia Sharon, huyu msichana aliyechukua kazi yangu.

“Sharon, ngozi ya ndama iko?”

“Kiptoo aliiweka stoo, Kogo. Inanuka mpaka jikoni. Na Wesley tulishamjulisha, tulimtumia meseji nzuri.”

“Mpelekee ngozi.”

“Ngozi? Kogo, ataifanyia nini? Na leo niko na wageni wa bodi.”

“Mimi nimestaafu,” nikasema, na nikakata simu kabla sijasema mengine.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Gambuti, viatu vyangu vya mvua, ziko mlangoni. Lakini nikienda mimi leo, kesho pia nitaitwa mimi, na siku nitakapowekwa udongoni ile njia ya kwenda kwa Wesley itaota nyasi. Na asipofika mtu, Wesley atakuja na kamba achukue ng'ombe wake. Hatapiga kelele, hana haja. Wadogo watarudi kwa chai ya rangi, hii tunaita turungi. Kwa hiyo naandika. Nyumba yangu iko kando ya barabara inayotoka kwa watoto kwenda Silibwet, na hapa nilipokaa hakuna pikipiki inapita bila mimi kuiona.

Mimi naitwa Rael. Shule niliacha darasa la tatu kwa sababu mama alijifungua na mimi ndiye nilikuwa mgongo wa kubebea mtoto. Kalamu inanichosha kuliko jembe. Nina mjukuu anasomea udaktari wa mifugo, mwingine ni mwalimu, na mkiona makosa hapa msiwalaumu. Walitaka kusahihisha, nikakataa. Watasahihisha vyao.

Kabla ya watoto nilikuwa mchuma majani kwenye shamba kubwa upande wa Kericho. Kikapu mgongoni, aproni ya plastiki, baridi ya asubuhi inayoingia mpaka kwenye meno. Halafu mashine zikaja. Mashine haiugui mgongo, haiombi ruhusa ya kwenda matanga. Tukarudi nyumbani wengi, vidole bado vyeusi. Nikasikia nyumba ya watoto upande wa Bomet inatafuta mwanamke wa kufua nepi. Nikaenda, nikaulizwa cheti, nikaonyesha mikono.

Siku ya kwanza nilifua mpaka jua likazama na nepi hazikuisha. Nimezaa, nimelea, lakini sikuwa nimeona watoto wengi hivyo ambao hawalii. Mtoto anayejua kuna mtu anakuja ndiye analia. Wale walikuwa wameacha. Wakati huo watoto walioachishwa chupa walipewa turungi asubuhi, na ugali wa jana. Hapa kwetu, ambapo ukirusha jiwe linaanguka kwenye majani chai ama kwa ng'ombe wa mtu. Hiyo turungi iliniudhi kuliko nepi zote. Nataka mjue hapo, maana yote niliyofanya baadaye yalitoka hapo: wadogo wapate maziwa asubuhi. Sikuwa na mpango mwingine.

Pesa ilikuwa ikitoka kwa kanisa fulani ng'ambo. Ikaanza kupungua, kisha ikaacha kuja. Tulisikia wale wazee waliokuwa wakituma walikufa mmoja mmoja, na watoto wao hawakutujua. Sikuwalaumu. Nani aliwahi kuwaambia chochote? Walikuwa wakipata kadi ya Krismasi yenye picha ya mtoto, kila mwaka mtoto mwingine, kama kalenda.

Meneja wakati huo alikuwa Josphat, kijana mrefu kutoka Londiani, viatu vinang'aa hata msimu wa mvua. Alituita akasema tutaomba majirani. Akaniangalia mimi. “Mama Rael, wewe unajua watu.” Akanipa kopo lenye tundu juu, amelibandika karatasi yenye maandishi mazuri. Hivyo ndivyo niliacha nepi.

Nikaenda kwenye kituo cha kupimia majani, mahali ambapo wakulima wanaleta chai yao jioni na kungoja lori. Nikasimama na kopo. Wanaume wakaanza kuangalia milima kama hawajaiona. Mwanamke niliyeimba naye kwaya akageuka akaenda kuzungumza na mti. Nilirudi na kifuniko cha soda ndani ya kopo, na mimi nikiwa na hasira ya kutosha kuchemsha maji.

Njiani nilipitia sokoni Silibwet kumsalimia Nyaboke, mama wa Kisii aliyekuwa akiuza ndizi na nguo za mitumba. Alikuwa akituletea ndizi kila siku ya soko bila kuombwa. Nikamwonyesha kopo. Akacheka mpaka akashika meza.

“Wewe Mama Rael, unaomba kama mtu anakimbia mvua!”

“Sasa niombe namna gani?”

“Kwanza tupa hiyo kopo. Kopo ni ya mtu hajui atarudi. Pili, usiombe mtu akiwa amesimama. Mtu akisimama ameshaenda. Ngoja akae.”

“Na akikaa?”

“Muulize ng'ombe zake.”

“Mimi sitafuti ng'ombe zake, natafuta maziwa ya watoto.”

“Enhe,” akasema Nyaboke, akaanza kufunga ndizi za mteja, kama mtu amemaliza.

Huyo ndiye mwalimu wangu, na hakuwahi kulipwa na ofisi hata nauli. Alinifundisha vitu ambavyo hamtapata kwenye semina. Kwamba neno yatima linachosha watu. Ukilisema wanafunga masikio na kutafuta sarafu ndogo wakutoe mbele yao. “Waambie habari,” alikuwa akisema. “Jina la mtoto usitaje, hiyo ni siri yake. Lakini sema kuna mmoja anakula uji na nywele. Sema kuna mmoja anaogopa jogoo. Mtu atauliza, na jogoo alifanya nini? Hapo umemshika.”

Na kuhusu bonasi ya majani chai, ile pesa wakulima wanalipwa mara moja kwa mwaka: msiende kwa mtu akiwa ameipata. Mtu mwenye bonasi mfukoni anakwepa hata mama yake. Nendeni kabla, wakati bado anaota. Mwanaume anayeota ni mkarimu kupita kiasi. Lakini msimwache aahidi pesa, maana ndoto ikiisha pesa inakuwa mabati, inakuwa pikipiki, inakuwa mke mdogo. Aahidi kitu chenye miguu ama mizizi. Kuku. Viazi shambani. Mistari ya kabichi. Kitu ambacho atakiona kila siku na kukumbuka kuwa amekitoa.

Vyombo vyangu vilikuwa gambuti, mwavuli, kiondo, na sukari kidogo ndani ya kiondo, kwa sababu huingii nyumba ya mtu mikono ikiwa mitupu ukiwa umekuja kuomba. Josphat hajaelewa hiyo sukari mpaka leo. “Tunaomba, halafu tunatoa?” Ndiyo. Ndivyo.

Nimeinuka kuangalia barabara. Lori la majani limepita, na mwanamke na mbuzi. Narudi.

Mzee Arap Sigei nilienda kwake kabla ya bonasi, nikamkuta amekaa. Nikamuuliza ng'ombe zake. Akaniambia habari za kila mmoja, mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Ndipo nikamwambia kuhusu turungi. Alikuwa mtu mkubwa, mikono kama mizizi, macho yameanza kuingia ukungu. Mtoto wake Wesley alikuwa hapo akinoa panga na kusikiliza kwa pembeni.

“Pesa sitoi,” mzee akasema. “Pesa ni ya mtu ambaye humjui. Lakini naweza kuwawekea ng'ombe.”

Nyinyi wa mjini, sikilizeni hapa. Kwetu Wakipsigis kuna jambo linaitwa kimanagan. Mtu mwenye ng'ombe anampeleka mmoja kwa boma la mwingine akae huko. Yule anayekaa naye anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ni wake mpaka mwisho wa dunia. Hujapewa, umeaminiwa. Kwa hiyo mwenyewe ana haki ya habari zote: amepata mimba, amezaa, amekohoa. Na akifa, unapeleka ngozi.

Mzee alinyoosha kidole. “Ikikufa, Mama Rael, niletee ngozi. Usiniletee maneno.”

“Baba,” Wesley akasema bila kuinua kichwa, “unaweka ng'ombe kwa ofisi?”

“Naweka kwa huyu mama.”

“Huyu mama ameajiriwa.”

“Basi akiachishwa atakuja kuniambia,” mzee akasema. Nami ndiyo hivyo, nimestaafu, na mzee hayupo wa kuambiwa.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe, na jina lake lilikuwa Londiani kwa sababu huko ndiko alinunuliwa. Mnaona shida. Tukawa na Londiani wawili, ng'ombe na meneja. Watoto walifurahi sana. “Londiani amekanyaga ndoo!” walipiga kelele, na Josphat alitoka ofisini kuuliza amefanya nini. Lakini maziwa yalikuja. Asubuhi ya kwanza yule mtoto wa uji na nywele alikunywa kikombe, akakaa kimya, halafu akalia sana alipoona kimeisha. Mama wa jikoni akataka kumnyamazisha. Nikamwambia mwache, huyu anaomba kingine.

Na kwa sababu Arap Sigei alikuwa ameweka, wengine wakaweka. Hakuna aliyetaka kuonekana mgumu kuliko yeye. Mama Betty wa kule juu akaleta wa kwake, na mzee wa kanisa, na jirani yake aliyekuwa hasemezani naye. Mimi nikawa nazunguka boma hadi boma na habari. Josphat alikuwa akiniuliza, “Leo umeleta nini?” Nikimjibu nimeenda kusema tu, alikuwa anakuna kichwa. Alitaka kuona kitu kwenye kiondo. Lakini nawaambia, nusu ya kazi hii ni kwenda kwa mtu aliyekwisha kutoa, bila kumwomba kitu, umwambie jogoo alifanya nini.

Sasa kifo.

Ilikuwa msimu wa mvua, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya shukrani. Wenye ng'ombe wote wangekuja, na mzee angewaongoza na kusema maneno. Jumapili kabla yake, watoto walitoka kanisani ambako mhubiri alikuwa ameongea kuhusu kushukuru. Wakaenda wakamshukuru Londiani. Kila mmoja na chake. Kabichi, mahindi machanga, majani ya viazi vitamu yenye mvua, yote amepewa mara moja, na yeye hakukataa mkono hata mmoja. Akafura tumbo. Kiptoo alimkimbiza kuzunguka uwanja, tukamnywesha mafuta, daktari wa ng'ombe akaitwa, na barabara ilikuwa matope. Alipofika, Londiani alikuwa amelala chini na wadogo wamekaa pembeni wakimfunika na sweta zao.

Jumatatu Josphat akaniita ofisini, akafunga mlango.

“Kogo, tusimwambie mzee sasa. Siku ya shukrani ipite kwanza.”

“Akija na kuuliza ng'ombe yake?”

“Tukope nyingine nyekundu. Mzee macho yake si mazuri.”

“Josphat. Yule mzee haangalii ng'ombe kwa macho. Anaangalia kwa mkono. Atashika sikio, atashika kiwele, halafu atakuuliza wewe ni mtoto wa nani.”

“Na akikasirika? Akiondoa jina lake, wengine wote wataondoa ng'ombe. Umefikiria wadogo?”

“Nafikiria nini kingine?”

“Basi?”

“Basi akiondoa, tumekosa maziwa. Tukimficha na ajue, tumekosa maziwa na hakuna mtu wa hii barabara atatupa tena hata mche wa sukuma wiki.”

Alikaa akishika kichwa. Msimwone mbaya. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikiogopa natembea. Nilimwambia Kiptoo akunje ngozi aitie kwenye gunia, nikavaa gambuti, nikaita pikipiki. Nilipokuwa napanda, Josphat akatoka na vile viatu vyake.

“Sogea,” akasema. Akachukua gunia, akaliweka magotini.

Sasa fikirieni ngozi mbichi, siku ya joto baada ya mvua. Hatukuwa tumefika mbali kabla mbwa wa kwanza hajatoka kwenye ua. Halafu wa jirani yake. Kila boma tulilopita lilitoa mbwa wake kama mchango. Tulipokaribia Silibwet tulikuwa na msafara nyuma yetu, wanabweka, watu wanasimama kando ya barabara kuangalia ni kiongozi gani anapita. Josphat alikuwa amekumbatia gunia na amefumba macho. “Kogo, tunaonekana?” Nikamwambia, “Tunasikika.”

Mzee alisikia mbwa kabla ya kutusikia sisi. Alikuwa amekaa nje. Nilitoa salamu, nikatandika ngozi kwenye nyasi mbele yake, nikasema: “Mzee, Londiani amekufa jana kwetu. Nimekuletea.”

Wesley akaja mbio kutoka kwenye shamba la chai.

“Ngozi? Mmekunywa maziwa mkashiba, mkaturudishia ganda?”

“Nyamaza,” mzee akasema.

Akainama. Mkono wake ukatembea pole pole, kwenye paji, kwenye sikio penye alama ya boma lake, begani penye kovu la waya. “Ni yeye,” akasema. Halafu: “Nani alimlisha?”

“Watoto.”

“Mtoto yupi?”

“Wote, mzee. Mhubiri aliwaambia washukuru.”

Mbwa walikuwa wamelala kwenye geti wakingoja. Mwishowe akageuza uso kwa Josphat. “Na huyu?”

“Ni meneja wetu. Josphat.”

“Wa wapi?”

Josphat akakohoa. “Londiani, mzee.”

Mzee akafikiria. “Basi amebaki mmoja,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka wiki iliyofuata, nikiwa peke yangu, nikichota maji.

“Nimesikia,” mzee akasema. “Nendeni, mvua inakuja.” Hakusema sawa, hakusema pole, hakusema mtaniona Jumamosi. Nimesikia tu. Mkiwa kwenye kazi hii mtasikia neno hilo mara nyingi, na hakuna dawa yake. Unarudi nyumbani nalo. Ile wiki niliosha sufuria zilizokuwa safi. Nilipalilia shamba la jirani kwa makosa.

Jumamosi ikafika, tukatandika viti. Kiti cha mzee tulikiweka mbele. Mama Betty akaja, mzee wa kanisa akaja, na yule jirani asiyesemezana naye, wote wakaangalia kiti kitupu. Habari za msafara wa mbwa zilikuwa zimefika mpaka Bomet, kila mtu alijua. Watoto wakaimba. Kiti kitupu. Josphat akasoma hotuba. Mama Betty akainama kwangu.

“Rael, kama Arap Sigei hajakuja, mimi nangoja nini hapa?”

“Ngoja chai.”

“Chai nitakunywa. Halafu unionyeshe kamba yangu iko wapi.”

Nikaenda jikoni. Nikasimama nyuma ya mlango, na wadogo walikuwa hapo wamekaa kwenye mkeka na vikombe vyao vitupu vya asubuhi, wakicheza kumimina hewa. Nilitaka kukimbia. Sijui wapi.

Ndipo Kiptoo akaita kutoka getini.

Alikuwa Wesley, matope mpaka magotini, anavuta kamba. Nyuma ya kamba kulikuwa na mtamba mwekundu mwenye paji jeupe. Alikuwa mtoto wa Londiani, yule tuliyemrudisha kwa mzee alipoacha kunyonya, kama desturi inavyotaka. Wesley hakusalimia wageni. Alimvuta mpaka katikati ya uwanja, mbele ya kiti kitupu, akanipa kamba.

“Baba amesema miguu yake imekataa leo. Amesema hii ilizaliwa hapa, inajua njia.”

Nilishika kamba.

“Na amesema kitu kingine,” Wesley akaendelea, kwa sauti ili watoto wote wasikie. “Amesema kabichi, hapana.”

Mama Betty alikunywa vikombe viwili vya chai na hakuuliza tena kamba.

Yule mtamba watoto walimwita Nakuru, kwa sababu ukipita Londiani ukaendelea unafika Nakuru. Alikuwa mkorofi, alipiga teke ndoo na watu, na alipozaa alitoa maziwa kuliko mama yake. Kila alipozaa nilienda Silibwet kusema. Mzee alipokuwa hawezi tena kutoka ndani, nilimkuta amelala juu ya ngozi ya Londiani, wamemkaushia vizuri. Alikuwa akiipapasa tukizungumza, na aliniuliza yule mtoto wa uji na nywele yuko darasa gani.

Alipokufa nilienda matanga, na baada ya mazishi nilimtafuta Wesley. Nilijua ana haki ya kuja na kamba. Nikamwambia hivyo.

“Kaeni nayo,” akasema. “Lakini Kogo, mimi si baba. Baba alikuwa ananyamaza. Mimi nitauliza.”

Tangu siku hiyo ameuliza. Na nimemjibu, kwa miguu, mpaka nilipostaafu.

Siku hizi wengi wanatoa kwa simu. Watoto wa hapa walioko Nairobi, walioko ng'ambo, wanatuma na simu inawajibu asante yenyewe. Ni kitu kizuri, asije mtu kusema Kogo Rael anapigana na simu. Sharon ndiye aliwapata hao. Anajua kuongea na watu asiowaona, kazi ambayo mimi nisingeweza, mimi lazima nione mtu anakunywa chai namna gani. Hao wa simu wamejenga bweni. Lakini bweni halikamuliwi. Na meseji ina shida moja: ukiiuliza swali, inarudia ile ile.

Kile ambacho Wesley anauliza si ngozi ya ndama. Ngozi ya ndama haitoshi hata kiti. Anataka kuona kama bado kuna mtu kwetu anayeweza kusimama mbele yake na habari mbaya mkononi na asikimbie. Mimi alishaniona. Hanihitaji mimi.

Hayo, Sharon, ndiyo ningekuambia asubuhi kama nisingekata simu.

Chai imepoa. Jua limesogea mpaka kwenye mlango wa kuku. Nimeinuka, nimekaa, nimevaa gambuti, nimezivua. Nimezivaa tena, baridi tu. Pikipiki tatu zimepita, moja na mabati, moja na wanafunzi, moja na mtu aliyenipungia mkono na simjui. Wesley amepiga tena na sijashika. Kama ni mimi nitakayekwenda, basi nitakwenda, lakini kesho sitakuwa na la kuwaandikia, maana nitakuwa nimewaonyesha kuwa kazi hii ilikuwa miguu ya kikongwe mmoja tu.

Ngojeni.

Kuna mbwa anabweka kule chini, kwenye boma la daraja. Sasa kuna wawili. Sasa ni wa kwa mchungaji, yule mwenye sauti nzito, ambaye huwa hasumbuki kwa mtu wa kawaida. Wanakuja wakipanda kilima, na katikati yao nasikia pikipiki, na juu ya pikipiki msichana anapiga kelele, “Toka! Toka! Kogo, hawa mbwa wanataka nini?”

Acha niweke kalamu nikamfungulie Sharon geti, anywe chai kabla hajaendelea.